Kabla Hamjachanganya Data: Namna ya Kuendesha Utafiti wa VVU kwa Kushirikiana

Kazi hii nilifundishwa na sifuri. Vituo vitatu vilinitumia majedwali yao ya wingi wa virusi, nikayaunganisha, nikapiga hesabu ya washiriki ambao virusi vyao vimefubaa, yaani vimeshuka sana kwenye damu. Kituo kimoja kiling'ara kuliko vingine vyote. Kwenye mkutano wa simu watu walishaanza kujadili siri ya mafanikio yake, na mtakwimu wetu alikuwa ameshaandika aya nzima kukihusu. Ndipo muuguzi wa kituo hicho, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akasema: "Samahani, miezi hiyo mashine yetu ilikuwa mbovu. Hatukumpima mtu."

Kwenye jedwali lao sifuri ilimaanisha "hakupimwa". Kwenye jedwali la kituo cha pili ilimaanisha "virusi havikuonekana". Mimi nilizihesabu zote kuwa habari njema.

Nimesimamia data za tafiti za VVU kwa miaka 16, nikitokea maabara, na karibu kila kilichoharibika mbele ya macho yangu kiliharibika kwa namna hiyohiyo: watu wema, wanaoijua kazi yao, walidhani wanazungumzia kitu kimoja. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana mwanzoni mwa kazi, kabla hata tone la damu halijachukuliwa. Nakuandikia wewe uliyealikwa kujiunga na utafiti wa vituo vingi, au unayetaka kuuanzisha.

Hakikisheni kwanza kwamba mnahitajiana

Ushirikiano unakula muda, na si kila swali linahitaji vituo kumi. Swali linalouhitaji ni lile ambalo tukio lake ni adimu, au ambalo jibu lake linaweza kubadilika kati ya watu na watu. Mwaka 2002 watafiti waliunganisha makundi 13 ya ufuatiliaji (ya watu wanaofuatiliwa kwa muda mrefu) ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, jumla watu 12,574 walioanza dawa za kufubaza virusi, ili kukadiria uwezekano wa mtu kuugua UKIMWI au kufariki kulingana na hali aliyoanzia nayo. Kundi moja peke yake lisingekuwa na matukio ya kutosha. Utafiti wa HPTN 052, uliopima kama kuanza dawa mapema kunamkinga mwenza, nao ulisajili jozi 1,763 za wenza katika nchi 9, mmoja akiwa na VVU na mwingine hana. Ulipotoa matokeo yake ya kwanza mwaka 2011, maambukizi mapya yote yalikuwa 39. Fikiria kituo kimoja chenye jozi mia moja kingekuwa na nini cha kusema.

Kabla ya mkutano wa kwanza huwa namwomba kila mtafiti mkuu aandike swali la utafiti kwa sentensi moja na kunitumia mimi peke yangu, bila kuonyeshana. Kisha nazisoma sentensi zote kwa sauti mbele ya wote. Mara nyingi mmoja anataka kujua kama dawa inafanya kazi, mwingine kama watu wanaimeza, na wa tatu kama huduma inaweza kutolewa na wauguzi bila daktari. Hayo ni maswali matatu, yanahitaji data tofauti. Ni afadhali mvutane siku hiyo kuliko mwaka wa tatu.

Andikeni kamusi kabla ya jedwali

Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, na ningeomba nawe uutumie.

Chukua neno "kufubaa". Kwa kituo kimoja ni chini ya nakala 1,000 za virusi kwa mililita ya damu, kwa kingine 200, kwa kingine 50. Zote zina matumizi yake. Halafu kuna mashine: moja inaona kuanzia nakala 20, nyingine 40, ile ya zamani 400. Mtu mwenye nakala 150 "haonekani" kwenye mashine ya zamani na anaonekana kwenye mpya, ilhali mwili wake ni uleule. Kwa hiyo msihifadhi jibu peke yake. Hifadhini jibu, kiwango cha chini ambacho mashine inaweza kuona, na aina ya sampuli, kwa kuwa tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi haliwezi kulinganishwa moja kwa moja na plazima, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake. Jibu likikosekana, wekeni safu ya sababu: hakuja, sampuli iliharibika, mashine mbovu. Sifuri nimeipiga marufuku kabisa kwenye safu ya wingi wa virusi.

"Kupotea kwenye ufuatiliaji" ni neno jingine la hatari. Ufafanuzi unaotumika sana ni siku 180 tangu mtu aonekane kliniki mara ya mwisho. Lakini ukimfuatilia aliyepotea, unaweza kumkuta amehamia kituo kingine na anameza dawa vizuri, au amefariki na hakuna aliyewajulisha. Kituo chenye wahudumu wanaotembelea watu majumbani kitaonekana kina vifo vingi kuliko kisicho nao, kwa sababu tu kimevitafuta. Andikeni kila kituo kinawafuatiliaje watu wake, na mlitumie hilo kwenye uchambuzi.

"Kuanza dawa" ni tarehe ya kuandikiwa, ya kukabidhiwa au ya kumeza kidonge cha kwanza? Na 03/04 ni Aprili au Machi? Usicheke. Nimeshuhudia watu wakifariki kwenye jedwali kabla ya kugunduliwa kuwa na VVU.

Hamna haja ya kuanza na ukurasa mtupu. Upo mfumo wa wazi uitwao HICDEP, uliotengenezwa na makundi ya ufuatiliaji wa watu wanaoishi na VVU, unaoeleza majedwali na misimbo ya kubadilishana data za aina hii. Anzieni hapo, mwongeze yenu.

Ufafanuzi ukikubaliwa mapema unaokoa utafiti mzima. Katika yale maambukizi 39 ya HPTN 052, vipimo vya vinasaba vya virusi vilionyesha kuwa 28 ndiyo yaliyotoka kwa mwenza aliyesajiliwa. Kati ya hayo 28, moja tu lilitokea upande wa walioanza dawa mapema. Kipimo kikuu cha utafiti tangu mwanzo kilikuwa maambukizi yaliyothibitika kutoka kwa mwenza. Laiti jambo hilo lingeamuliwa baada ya kuona namba, nani angeliamini?

Na muulizane mtapimaje jambo ambalo mtu anaweza kuwa na sababu ya kulificha. Utafiti wa VOICE, uliojaribu dawa za kujikinga na VVU, ulihusisha wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Kwa maelezo yao wenyewe, matumizi ya dawa za kinga yalikaribia asilimia 90. Damu ilipopimwa, dawa ilionekana kwenye chini ya theluthi ya sampuli. Wapo waliofikia kuwaita wanawake hao waongo, na mpaka leo neno hilo linanikera. Walipohojiwa baadaye kwa utulivu, wengi walieleza hofu ya kuonekana na vidonge na kudhaniwa wana VVU, na mashaka juu ya dawa yenyewe. Dodoso halikuwapa nafasi ya kuyasema hayo.

Kamusi ikishakamilika, msikimbilie data halisi. Kila kituo kitunge washiriki kumi wa kubuni na kutuma jedwali lao. Unganisheni. Yatakayovunjika yatavunjika hapo, bila kumdhuru mtu. Na toka siku ya zile sifuri sijafanya uchambuzi wowote bila mtu wa kituo husika kukaa nami, yule anayejua mashine ilikufa lini na karani alibadilishwa lini.

Waiteni watu wanaoishi na VVU kabla swali halijafungwa

Mwaka 1983, kule Denver nchini Marekani, watu wanaoishi na UKIMWI walitoa tamko la kukataa kuitwa wahanga na kudai nafasi katika maamuzi yanayowahusu. Miaka ishirini baadaye watafiti walikuwa bado hawajalielewa vya kutosha. Mwaka 2004 jaribio la dawa ya kinga lilisimamishwa Cambodia, na mwaka 2005 jingine likasimamishwa Cameroon, baada ya malalamiko ya wanajamii na wanaharakati. Miongoni mwa maswali yaliyoulizwa ni hili: mshiriki akiambukizwa wakati wa utafiti, nani atamtibu, na kwa muda gani? Ni swali la haki, na lilistahili jibu ndani ya itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti. Kutokana na mivutano hiyo UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa UKIMWI, na AVAC, shirika linalotetea kinga ya VVU, walitoa mwaka 2007 miongozo ya kushirikiana na jamii katika majaribio ya kinga ya VVU, wakairekebisha mwaka 2011. Isomeni pamoja, si mmoja mmoja.

Msimwite mtu mmoja. Mtu mmoja akiketi peke yake kati ya madaktari tisa hunyamaza. Waiteni wawili au zaidi, walipeni muda wao kama mnavyomlipa mtakwimu, wapeni nyaraka wiki nzima kabla, katika lugha wanayoota nayo. Na wawe na uwezo wa kubadilisha kitu. Kwenye utafiti wetu mmoja tulikuwa tumepanga kuwapigia washiriki simu kuwakumbusha tarehe ya kliniki. Mama mmoja wa bodi ya ushauri wa jamii akatuambia: "Mwanangu, simu yangu anapokea mume wangu." Tulibadilisha utaratibu wote. Kila mshiriki akachagua jina la kuitwa, saa ya kupigiwa, na sentensi tutakayosema akipokea mtu mwingine. Hakuna mtafiti kati yetu aliyekuwa amelifikiria hilo.

Chungeni na lugha yenu kwenye maandiko. Mimi siandiki "waathirika" wala "wagonjwa wa UKIMWI" kwa watu wenye virusi wanaofanya kazi na kulea watoto. Ni watu wanaoishi na VVU, na VVU si UKIMWI.

Ridhaa

Kila kituo kina kamati yake ya maadili, na kila kamati ina kasi yake. Wekeni muda wa kutosha, na kamati moja ikidai ulinzi zaidi, ni vizuri kuwapa washiriki wa vituo vyote ulinzi huohuo. Kama ni jaribio, lisajiliwe hadharani kabla ya mshiriki wa kwanza kuingia. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, linadai hivyo tangu mwaka 2008.

Kwenye fomu ya ridhaa, mambo yafuatayo yatajwe waziwazi, kila moja na kisanduku chake cha kukubali au kukataa: sampuli kuhifadhiwa baada ya utafiti, sampuli kuvuka mpaka, kupimwa vinasaba, data kutumiwa na watafiti wengine baadaye. Mkisahau leo, maji yameshamwagika. Huwezi kumrudia mtu aliyehama miaka sita iliyopita.

Tafsiri ya fomu ipewe mtu wa pili ambaye hajaona nakala ya kwanza, airudishe kwenye lugha ya asili, mlinganishe. Hata hapo haitoshi, wasomeeni watu. Fomu yetu moja ya Kiswahili ilisema washiriki watagawanywa katika makundi "kwa bahati nasibu". Maneno sahihi, kamusi inayakubali. Lakini watu walielewa kuna zawadi inashindaniwa, na waliopangwa kundi la kulinganisha waliondoka wakijiona wameshindwa. Tukaandika upya: "Kompyuta itakupangia kundi. Si daktari wala wewe mtakaochagua, na kila mtu ana nafasi sawa ya kuwa kwenye kundi lolote." Ni ndefu zaidi, na inaeleweka.

Majina kwenye andiko

Nilisafisha data za vituo vitatu kwa miezi 14. Nilikuwa mimi niliyeandika maelezo ya namna ya kuziunganisha. Andiko lilipotoka jaridani, jina langu lilikuwa chini, kwenye shukrani, pamoja na madereva na wachapaji ambao nao walistahili shukrani zao. Nilipouliza, niliambiwa hakuna aliyenikataa. Hakuna aliyekuwa amekaa kuliamua. Liliniuma kwa muda mrefu, na nalisema hapa kwa sababu linawapata watu wengi, hasa wa vituo vinavyokusanya sampuli huku uchambuzi ukifanyika mbali.

Vigezo vya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba vipo wazi: mchango wa maana katika kubuni, kukusanya au kuchambua; kuandika au kuhakiki kwa kina; kuidhinisha toleo la mwisho; na kukubali kuwajibika kwa kazi yote. Vyote vinne kwa pamoja. Wengi hawajui kwamba vigezo hivyo vinakataza pia kumnyima mtu nafasi ya kuhakiki rasimu kisha kumwambia hakutimiza kigezo cha pili. Mtu aliyekusanya data aalikwe kuhakiki.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza andikeni ukurasa mmoja: maandiko yatakayotoka ni yapi, nani ataongoza lipi, nani atakuwa wa mwisho kwenye orodha, na data zikishakamilika kila kituo kitapewa swali gani la kuongoza. Wote watie saini. Ukurasa huo upitiwe upya kila mwaka, maana watu huhama na wengine hufanya kazi kuliko walivyoahidi. Makubaliano ya matumizi ya data na ya uhamishaji wa sampuli ni ya wanasheria, yatachelewa. Ukurasa huu ni wenu.

Bajeti nayo iangaliwe kwa jicho hilohilo. Kama mtakwimu, seva na safari za mikutano vyote viko kituo kimoja, basi wengine wameajiriwa tu. Dai nafasi ya mwanafunzi wa uchambuzi kwenye kituo chako.

Maabara

Kwa ufupi: itifaki moja ya maandishi, chupa za aina moja, saa ya kuchukua damu na saa ya kutenganisha plazima ziandikwe zote mbili, majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri yawe na kitabu cha joto kinachosomwa kila siku, na maabara zote zishiriki mpango mmoja wa ukaguzi wa ubora kutoka nje. Mara kwa mara tumeni sampuli zilezile kwa maabara zote bila kuwaambia majibu yanayotarajiwa. Tofauti zikijitokeza, zitangazwe kwa wote. Tabia ya funika kombe mwanaharamu apite imeharibu tafiti nzuri.

Ficheni mtu, si jina tu

Kufuta majina hakutoshi. Tarehe ya kuzaliwa, kituo, tarehe ya kugunduliwa na idadi ya watoto vikikaa mstari mmoja, jirani atamtambua mtu. Weka mwaka badala ya tarehe kamili. Mkihitaji urefu wa muda, sogezeni tarehe zote za mshiriki mmoja kwa idadi ileile ya siku, iliyochaguliwa na kompyuta na tofauti kwa kila mtu. Orodha inayounganisha majina na namba ibaki kituoni, isisafiri kamwe, wala isitumwe kwa WhatsApp "mara moja tu".

Vinasaba vya virusi vinataka uangalifu wa pekee. Vikipangwa kama mti wa ukoo vinaweza kuonyesha virusi vya watu wawili vinafanana mno, na mtu asiyejua akasema fulani kamwambukiza fulani. Kisayansi haliwezi kuthibitishwa kwa njia hiyo peke yake. Huenda yupo mtu wa tatu ambaye hakupimwa. Lakini zipo nchi ambako kumwambukiza mtu ni kosa la jinai, na ramani kama hiyo ikifika mikononi mwa polisi itamdhuru aliyewaamini. Kabla ya kuchapa mchoro wa aina hiyo, nauliza: mshiriki akiushika, atajiona? Jibu likiwa ndiyo, mchoro unaondolewa.

Habari za kushtua

Amueni mapema nani anaweza kusimamisha kazi na nani atasema na umma. Mwaka 2018, ufuatiliaji wa uzazi nchini Botswana ulionyesha kasoro za uti wa mgongo na ubongo kwa watoto 4 kati ya 426 waliozaliwa na akina mama waliokuwa wakitumia dolutegravir, dawa ya kufubaza VVU, wakati mimba inatungwa. Watafiti walitangaza bila kuchelewa, na wakaendelea kuhesabu. Kadiri vizazi vilivyoongezeka, tofauti ilipungua hadi ikatoweka. Kutangaza kulikuwa sahihi, na kuendelea kuhesabu kulikuwa sahihi.

Majibu yarudi yalikotoka

Yule mama wa simu aliniuliza jambo jingine mwaka wa mwisho wa mradi: "Mmenitoa damu mara sita. Mmejua nini?" Nilikuwa na andiko tayari mkononi, kurasa kumi na mbili, na sikuwa na hata sentensi moja ya kumjibu kwa lugha yake.

Sasa kikao cha kurudisha majibu kinaingia kwenye bajeti siku ya kwanza, na fedha zake haziguswi. Tunaandaa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, tunausoma kwa sauti kwa bodi ya jamii, wanautia kalamu nyekundu, tunauandika tena. Washiriki wanausikia kabla ya jarida kutoka. Tunaeleza tulichouliza, tulichokuta, tulichokosea, dawa zao zitatoka wapi mradi ukifungwa, na sampuli zao ziko wapi kwa sasa. Kisha tunakaa hadi maswali yaishe. Mara ya mwisho yalichukua saa tatu, na mawili kati yake ndiyo tunayoyatafiti sasa.